Bahari ya Sebuleni

Kinywa anacho lakini hasemi. Macho anayo lakini hafumbi. Nyumba nzima inamtazama, na yeye mlango hana. Ukitegua kwamba ni samaki wa ndani ya kioo, umepata nusu. Nusu iliyobaki ni mwari siku anayoposwa.

Mwanarusi aliketi chumbani kwa mamake, nyuma ya pazia la maua, amejitanda leso mpya iliyokuwa bado inanukia duka. Alikuwa ameonywa asitoke, asikohoe, asichungulie. Hilo la tatu lilimshinda mapema. Pazia lilikuwa limeachana kidogo na ukuta, na kwa upenyo huo aliona nusu ya sebule: magoti ya wageni, sinia la kahawa na haluwa, na juu ya meza ya mvule, tangi la kioo lililojaa bahari. Bahari kweli, ya Bodo kijijini kwao, yenye mchanga wake mweupe na mawe yake ya zambarau, na samaki wawili wa rangi ya chungwa bivu, kila mmoja kafungwa mikanda myeupe kama mtoto aliyetoka kutahiriwa.

"Unatafuta nini hapo?" alinong'ona Biasha, dadake mkubwa, aliyekuwa amekaa kitandani akikunja nguo ambazo zilikuwa tayari zimekunjwa. "Rai hayupo. Mwanamume haji na posa yake."

"Najua hayupo. Natazama samaki."

"Wenzio huchungulia waone kama mashangazi wamecheka. Wewe watazama kitoweo."

"Si kitoweo."

"Kwa babako kila chenye mapezi ni kitoweo," Biasha alisema, lakini naye alijua kwamba hawa hawakuwa kitoweo. Hawa ndio waliofungua mlango ule ambao sasa wageni wameupitia.

Rai alikuwa Mduruma wa Kinango, kule nyika ambako mtu huhesabiwa utajiri kwa kwato. Alishuka pwani kutafuta kazi, akaipata katika hoteli moja ya Diani, akakabidhiwa tangi kubwa la samaki lililoko mapokezi. Mwanarusi alikuwa akipeleka mikoba ya ukili kwenye duka la hoteli hiyo. Siku ya kwanza hakumwona Rai, aliuona mkono wake tu, umezama majini mpaka begani ukisugua kioo, na samaki wanaupitapita kama watu wanaopita mti wa njiani. Kisha ng'ambo ya kioo ukatokea uso, umepindishwa na maji, unacheka.

"Kitendawili," ule uso ulisema.

Mwanarusi alijibu kabla hajakumbuka kuona haya. "Tega."

"Nina mlinzi wangu, hafumbi macho hata akilala."

"Samaki."

"Mbona upesi hivyo?"

"Mimi wa Bodo. Ungenitegea ng'ombe, ndipo ningekupa mji."

Alipokuja tena na mikoba, Rai akamtegea ng'ombe. Mwanarusi akahangaika, akataja jembe, akataja mlima, akashindwa. "Haya, nipe mji," Rai alisema. Mwanarusi akampa Mombasa. Akaukataa. Akampa Ukunda, Tiwi, Kwale. Akaikataa yote. "Nipe Bodo."

"Bodo ni ya babangu."

"Kumbe basi ni babako wa kuombwa," Rai alisema, na safari hii hakuwa akicheka. Mwanarusi alirudi nyumbani na mkoba mmoja ambao alisahau kuuza.

Babake, Mzee Ramadhani, alikuwa msusi wa malema, mitego ile ya fito ambayo samaki akiingia mlango wa kutokea hauoni. Alipoambiwa kijana anatoka wapi, aliuweka ufito chini taratibu. Wadigo, watu wake, na Waduruma ni ndugu na ni watani, wakikutana husemana mpaka machozi ya kicheko yatoke, lakini siku hiyo Mzee Ramadhani hakutania. Alikuwa tayari amemtoa binti mmoja kwenda nyika. Biasha aliolewa kule na mtu aitwaye Chengo, mtu mwema, mfuga mbuzi. Mwaka wa ukame mtoto wao aliugua, njia ya hospitali ikawa ndefu, na Biasha akarudi Bodo na mbeleko tupu. Ndoa nayo ikafa polepole. Mzee Ramadhani hakumlaumu mtu. Aliacha tu kula nyama ya mbuzi.

Kwa hiyo Rai alipokuja mwenyewe kupiga hodi, mzee alimkaribisha, akampa madafu, kisha akamwambia: "Nyinyi watu wa nyika mwajua kungoja mvua. Kukitunza kilichotoka majini hamjui. Ukimtaka binti yangu, nitilie bahari hapa sebuleni kwangu. Samaki wake waishi hadi nikinai kuwatazama. Hapo ndipo walete wazee wako."

Alisema hivyo kama mtu anayefunga mlango kwa adabu. Rai alisikia mlango unafunguliwa.

Akaleta tangi. Akateka maji ng'ambo ya mwamba, maji yamejaa na yametakata. Akaleta mchanga, na mawe ya baharini yenye uhai ndani yake, akayapanga kama mtu anayejenga nyumba ya mke. Chini ya meza akaweka mashine ndogo ya hewa, iliyokuwa ikivuta pumzi ya chumbani na kuipeleka majini kwa mpira mwembamba. Kisha akaacha. Wiki zikapita, maji na mawe tu. Majirani wakaja kuchungulia, wakamuuliza Mzee Ramadhani kama bahari yake imegoma kuzaa.

"Samaki wako wapi?" mzee naye akauliza mwishowe.

"Mawe yanafanya kazi, baba," Rai alisema. "Ndani yake mna vidudu visivyoonekana. Hivyo ndivyo vitakavyokula uchafu wa samaki. Tukiwatia leo, watalala katika choo chao wenyewe."

Halafu likaja la maji kupungua. Joto liliyashusha, na Rai akaongeza maji ya kisimani. Mzee Ramadhani aliruka kitini. "Maji matamu, kwa samaki wa bahari? Wewe kijana umetumwa?"

"Jua hunywa maji, baba, chumvi huiacha. Nikiongeza ya bahari, yatakuwa shubiri."

Mzee akachovya kidole, akaonja, akarudi kitini. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitazama alama ya maji kila akitoka kusali alfajiri. Na Rai alipowaleta samaki, aliowanunua kwa mpiga mbizi mwenye leseni, akauacha mfuko wao uelee juu ya tangi, akiwaonjesha maji mapya tone kwa tone, nyumba nzima ilikaa kimya kama inangoja mtoto azaliwe. Mwanarusi alisimama upande mmoja wa kioo, Rai upande wa pili. Macho yao yalikutana ndani ya maji, yakakaa huko, hayana haraka. Mama Biasha, mamake Mwanarusi, alikohoa mpaka akaombewa maji.

Mzee Ramadhani alikuja akawapa wale samaki majina, ambayo hakumwambia mtu. Jioni moja akasema, bila kumtazama yeyote, "Mwambie awalete wazee wake."

Nao ndio hawa. Mzee Mwinga, babake mdogo Rai, kanzu yake imepigwa pasi mpaka ikang'aa. Na shangazi Dama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambayo leo alijitahidi kuipunguza.

"Sisi ni wachungaji, mzee mwenzangu," Mzee Mwinga alikuwa akisema. "Tuna ndama wetu dume, siku nyingi hali majani. Tukazifuata nyayo zake, zikatuleta mpaka mlangoni pako."

"Hapa kwetu hapana majani," Mzee Ramadhani alijibu. "Ni mikoko na chumvi."

"Ndilo lililotushangaza. Tukaulizana, ndama kaona nini mikokoni?"

"Kaona hiyo chumvi," shangazi Dama alisema. "Ng'ombe gani asiyeipenda?"

Sebule nzima ikacheka. Hata Biasha alicheka chumbani, akajiziba kwa leso.

"Na ng'ombe akishalamba, hurudi kwao," Mzee Ramadhani alisema, na kicheko kikapungua kidogo.

"Hatukuja kulamba, mzee," shangazi Dama alisema taratibu. "Tumekuja kuomba jiwe zima, tukaliweke ndani."

Mzee Ramadhani akashika ndevu zake. Mwanarusi alizijua ndevu hizo. Zikishikwa juu ni ugomvi, zikishikwa chini ni kukubali. Zilikuwa zimeshikwa chini. Kwa furaha akayageuza macho kwa samaki, kana kwamba awaambie wao kwanza.

Mmoja alikuwa juu kabisa ya maji, mdomo umetoka nje, anatafuna hewa. Mwenziwe alikuwa akijisugua kwenye jiwe, anageuka, anajisugua tena.

"Biasha," alisema. "Njoo uone."

"Nini?"

"Wanahema."

Biasha akachungulia juu ya bega lake. Maji yalikuwa kama yametiwa tone la maziwa. Moshi wa udi ulikuwa umetanda sebuleni kote, mzito, mtamu, madirisha yote yamefungwa ili usitoke. Mama Biasha alikuwa amefukiza tangu asubuhi. Jambo lililomnyima usingizi wiki nzima lilikuwa shombo: wakwe wa bara waingie, wasikie harufu ya bahari katika sebule yake, waseme wamekaribishwa sokoni. Alifukiza mapazia, akafukiza mito, akafukiza mpaka kofia ya mumewe. Mwanarusi aliyashusha macho yake toka kwenye tangi mpaka chini ya meza, na hapo akakiona chetezo cha udi. Mamake alikuwa amekisukuma kule mvunguni, palepale shombo linapoanzia, pembeni ya mashine ya hewa.

"Mama kaweka chetezo kwenye mashine," Mwanarusi alisema, na sauti haikutoka vizuri. "Mashine yavuta moshi, yaupeleka majini. Inawavutisha udi, Biasha. Toka asubuhi."

"Basi mwite mama."

Mama Biasha alikuwa ameketi mkekani kando ya shangazi Dama, mgongo wake kwa chumba, akimkaribisha haluwa.

"Nitamwitaje? Nikitoka mbele yao kabla baba hajajibu, nimejitoa mwenyewe. Posa imevunjika." Ndivyo ilivyokuwa kwa kina mama wote wa ukoo ule, na hakuna aliyewahi kujaribu ili aone kama ni kweli. "Nenda wewe. Jifanye waongeza kahawa."

Biasha alimtazama, akainamisha kichwa. "Aliyeachika hawatilii kahawa wageni wa posa. Unataka nikupelekee mkosi kwa mikono yangu?"

"Mimi siamini hayo."

"Shangazi Dama je? Unajua anaamini nini?"

Mwanarusi akachukua simu, akampigia mamake. Simu ya mamake ikalia hapohapo kitandani, chini ya mto, na Biasha akairukia kuinyamazisha. Wakatazamana, wakakaribia kucheka, na kicheko kikawafia midomoni.

Akampigia Rai. Alikuwa Msambweni, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, anangoja. Aliipokea kabla haijalia.

"Wamekubali?"

"Rai, samaki wanakufa."

Kukawa na kelele za vikombe, kisha zikapungua. Alikuwa amesogea pembeni. "Wanafanyaje?"

"Mmoja yuko juu, anatafuna hewa. Wa pili anajisugua kwenye mawe. Mama kafukiza udi, chetezo kiko kwenye mashine."

Rai alisogea mbali zaidi na vikombe.

"Nifanye nini? Niambie tu."

"Mashine iondolewe kwenye moshi. Madirisha yafunguliwe. Kuna yale madumu ya maji ya bahari niliyoyaacha uani, nusu ya maji yabadilishwe. Sasa hivi."

"Siwezi kutoka."

"Biasha?"

"Hawezi."

"Na mimi leo siruhusiwi kuikanyaga hiyo nyumba."

"Basi tufanyeje?"

"Sijui, Mwanarusi," Rai alisema.

Tangu amjue, hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Huyu aliyejua maji yanavyokomaa na jua linavyokunywa, alikuwa amesimama kando ya barabara ya Msambweni hajui. Mwanarusi aliketi chini sakafuni, simu sikioni, jicho upenyoni.

"Usikate," Rai alisema. "Nieleze tu."

Akamweleza. Kwamba yule wa juu ameshuka. Kwamba ameegemea kioo. Kwamba sasa anaogelea ubavu, halafu ananyooka, halafu ubavu tena. Kila alichokisema Rai aliitikia "ehe" ndogo, kama mtu anayesomewa habari za msiba wa kwao. Na huko sebuleni wazee walikuwa wamefika kwenye mambo matamu. Mzee Mwinga alikuwa akimsifu kijana, kwamba hanywi, kwamba anasali, kwamba ndugu zake amewasomesha. Mzee Ramadhani alikuwa akiitikia kwa kichwa. Maneno ya kumpa mume na kifo cha kumpokonya vilikuwa chumba kimoja, hatua chache kutoka hapo alipo, na yeye hakuweza kuharakisha hili wala kulizuia lile.

"Wa pili?" Rai aliuliza.

"Kalala mchangani."

"Macho?"

"Yako wazi."

"Ndiyo yalivyo," Rai alisema. "Hutajua kwa macho."

Hapo ndipo Mzee Ramadhani, mkono bado ndevuni, alipogeuka kwa fahari kuelekea meza ya mvule. "Jibu langu hamtalisikia kwangu," aliwaambia wageni. "Tazameni wenyewe bahari ya kijana wenu." Na mkono aliounyoosha ukabaki hewani.

Moshi wa udi ulipanda polepole ukikizunguka kioo.

"Labda wamelala," shangazi Dama alisema mwishowe.

"Samaki halali tumbo juu," Mzee Ramadhani alisema. Aliinuka, akakisogelea kioo, akakigusa kwa vidole viwili kama mtu anayeangalia homa ya mtoto. "Mwiteni kijana."

Mzee Mwinga akajaribu simu, akaambiwa namba inatumika. Mwanarusi alikata yake upesi, na ya Mzee Mwinga ikapita. Muda si mrefu pikipiki ikanguruma nje, na sauti ya Rai ikapiga hodi, imetulia kupita kiasi.

Aliingia akiwa na shati lake jeupe alilolivaa kwa ajili ya habari njema. Alimwamkia kila mtu kwa zamu, shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo shangazi, hakuruka hata mmoja. Kisha akapiga magoti mbele ya tangi, akatia mkono, akawatoa wale samaki mmoja mmoja, akawalaza juu ya kitambaa. Mwanarusi aliuona ule mkono tena, umezama mpaka begani kama siku ya kwanza. Akamwona akinusa. Akamwona akiyashusha macho mpaka mvunguni, kwenye chetezo, kisha akiyapandisha taratibu mpaka kwa Mama Biasha.

Mama Biasha alikuwa ameyafuata macho yale hatua kwa hatua. Alifika chetezoni pamoja nayo. Uso wake ulikauka kama udongo wa kisima kilichokatika maji.

"Nini kimewaua?" Mzee Ramadhani aliuliza.

Rai alibadilisha goti. Katika kubadilisha, mguu wake ulikisukuma chetezo nyuma ya mguu wa meza, kimyakimya, mpaka kisionekane.

"Ni mimi, baba. Jana nilibadilisha maji. Sikuyapima vizuri."

Nyuma ya pazia Mwanarusi alisimama wima. Biasha alimwahi kifundo cha mkono, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Niache."

"Utasema nini?"

"Kweli."

"Mbele ya wakwe? Useme mamako ndiye aliyeua? Utakuwa umemvua leso katikati ya watu, Mwanarusi. Na huyo kijana ametoka kumfunika kwa shati lake mwenyewe. Utamvua nani kwanza?"

Mwanarusi akamtazama mamake kwa ule upenyo. Mama, sema wewe. Wewe ukisema si aibu, ni utu. Mama Biasha alifungua kinywa. Shangazi Dama, kwa huruma, akamshika bega akamwambia, "Usilie, mama mkwe, ni samaki tu," na kinywa kikafungwa. Pengine lile neno mkwe ndilo lililokifunga.

"Hukuyapima vizuri," Mzee Ramadhani alirudia.

"Ndiyo, baba."

"Wewe unayepima tone kwa tone."

"Binadamu hukosea, baba."

Mzee Ramadhani alimtazama. Kisha akawageukia wageni, sauti yake ya upole, ile ya siku ya madafu. "Ndugu zangu, mmekuja kwa heshima, nami nimewaona. Lakini maji yamejibu kabla yangu. Mungu awafikishe salama."

Mzee Mwinga alitaka kusema kitu. Shangazi Dama alimvuta kanzu. Wakaaga vizuri, kwa maneno yote yanayotakiwa, na Rai akatoka wa mwisho. Pale mlangoni aligeuka, akalitazama pazia la maua. Hakuweza kumwona, lakini alilitazama palepale alipokuwa jicho lake, na Mwanarusi akashindwa hata kupepesa.

Nyumba ilipobaki ya wenyewe, Mama Biasha alikwenda jikoni akawasha moto usiokuwa na kitu cha kupikwa. Biasha alimfuata. Mwanarusi alitoka chumbani na leso yake mpya, akasimama mbele ya babake, ambaye alikuwa amekaa kitini akilitazama tangi tupu.

"Baba, si Rai."

"Keti, mwanangu."

"Si maji. Ni—"

"Ni moshi," Mzee Ramadhani alisema. "Pua ninayo. Na nilimwona akisukuma chetezo kwa mguu. Nilijua anamficha nani."

Mwanarusi aliketi. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukawarudisha."

"Nikawarudisha."

Alingoja babake apandishe sauti, apate naye pa kuipandisha yake. Mzee hakuipandisha.

"Ni kijana mwema yule," alisema. "Ni mwema kuliko nilivyotaka awe. Chengo naye alikuwa mwema. Wema wake haukuifupisha njia ya hospitali."

"Sitakaa Kinango, baba. Tutakaa Diani, kazini kwake."

"Leo, Diani. Kesho mamake akiugua ataitwa nyumbani, naye ni mtoto mwema, ataenda. Na wewe ni mke mwema, utamfuata." Alizitazama nyayo zake. "Tangu ailete bahari hii natafuta sababu ya kumkataa. Kila nikiamka, samaki wazima. Nikaanza kuwapenda. Nikasema, haya, Ramadhani, umeshindwa, mpe. Leo sababu imejileta yenyewe. Najua ni ya uongo. Nimeishika tu, kama mtu anayezama."

"Baba, mama hakukusudia."

"Hapo ndipo panaponitisha. Nyumba hii imejaa watu, wote tuliwapenda samaki wale. Mamako alikuwa akiwatafutia harufu nzuri. Mimi nilikuwa hapa, nusu hatua. Wewe ulikuwa pale, waona. Na wamekufa mbele ya macho yetu, hakuna aliyeweza kuinua mkono. Sasa niambie, mwanangu. Huko nisikoona mimi, nani atauinua?"

Mwanarusi alikuwa amejiwekea majibu ya kila namna. Ya dharau za kabila alikuwa nayo. Ya ubishi wa wazee alikuwa nayo, ameyapanga kama vyombo vya harusi. Lakini alipotafuta jibu la baba anayeogopa, aliukuta mkono wake mtupu.

Simu ikatetemeka katika pindo la leso. Babake aliiona.

"Pokea," alisema.

Alipokea. Upepo ulikuwa ukivuma upande wa pili. "Mwanarusi," Rai alisema. "Mama yu hali gani? Usimwambie neno, tafadhali. Alitaka kutupamba tu."

"Baba anajua."

Upepo ukavuma. "Anajua, na bado?"

"Anaogopa, Rai."

Alimsikia akivuta pumzi na kuiachia. "Hasira ningezingoja," alisema baadaye. "Nimezaliwa kwa watu wanaojua kungoja. Lakini woga hungojwaje?"

Mwanarusi alimtazama babake, mikono yake mikavu imelala mapajani, na kwa kuwa hakuwa na lingine la kufanya, aliiweka simu katika mmoja wa mikono ile.

"Muulize yeye," alisema.

Mzee Ramadhani aliishika kama kitu kinachoweza kumwagika. Akaipeleka sikioni.

"Baba," Rai alisema. Mwanarusi aliisikia sauti ile ikitoka ndogo, ya mbali.

"Umefika salama?" Mzee Ramadhani aliuliza.

"Bado njiani, baba."

"Njiani." Mzee aliyafumba macho. Alikaa hivyohivyo, simu imebanwa sikioni, akimngoja afike, na hakuikata.